Kwa nini vifaa janja vya kwenye maonesho ya Las Vegas havidumu vikifika Unguja na Pemba?

Mwana wa Mkunazini
Assalaam alaikum. Kila ifikapo Januari huwa nakesha nikifuatilia CES, maonesho makubwa ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas, Marekani, na kila mwaka naona vitu vya kutamanisha: televisheni ya LG ya 2024 ambayo unaiona picha na ukuta ulio nyuma yake kwa pamoja, kufuli za mlango zinazomtambua mwenye nyumba kwa sura, kengele zenye kamera, taa zinazobadili rangi kwa amri ya mdomo. Vile vya bei nafuu katika hivyo havichelewi kufika kwetu, na tunavinunua Darajani na Mlandege kama vitu vya kawaida. Suali langu ni hili: kwa nini havidumu? Kengele niliyoifunga mlangoni imekufa kabla ya masika ya pili, kufuli ya jirani imeganda, na taa za mjomba wangu zimebaki kuwaka rangi moja tu. Jamaa zangu walioko Muscat wana vifaa vya aina ile ile na vinafanya kazi mpaka leo. Mimi naamini sababu ni moja, nayo ni chumvi ya bahari, lakini nataka kuwasikia wenye ujuzi.

Fundi Mlandege
Waalaikum salaam. Nakuunga mkono. Kengele kama hizo naletewa kila wiki, na nikizifungua nakuta jambo moja: pembeni mwa tundu la kuchajia na chini ya miguu ya chipu pameota ukoko wa kijani kibichi, ukiukwaruza kwa ncha ya sindano unatoka unga, na chini ya unga njia ya shaba imeshakatika. Watu wanadhani mpaka maji yaingie ndipo kifaa kiharibike. Si hivyo. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapopita asilimia 75 hivi, na kwetu usiku mwingi wa mwaka unyevu unapita hapo. Kwa hiyo vumbi la chumvi lililotua juu ya bodi likiwa kavu mchana, usiku linageuka maji yanayopitisha umeme, na kwa kuwa kengele haizimwi hata dakika moja, umeme unapita ndani ya maji hayo kutoka mguu mmoja kwenda mwengine na kuila shaba taratibu. Kifaa kinacholala kimezimwa ndani ya kabati hakipati maradhi haya kwa kasi hiyo.

Kijana wa Jang'ombe
Mwana wa Mkunazini, Muscat nayo ipo ufukweni, kwa hiyo hoja ya chumvi umeivunja mwenyewe kwenye bandiko lako la kwanza. Sababu ni umeme. Sisi bado tunategemea waya ule ule wa chini ya bahari wa 1980 unaotoka bara, na kila umeme unaposhuka na kupanda kifaa kinapata pigo. Muscat umeme wao umetulia.

Muhandisi wa Fumba
Ndugu yangu wa Jang'ombe, tuziweke kumbukumbu sawa. Waya wa 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulikuwa na uwezo wa megawati 45, na ndio uliotuachia majonzi ya 2008, tulipokaa gizani karibu mwezi mzima, na yale ya Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tangu 2013 upo waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100. Pemba nayo tangu 2010 ina waya wake kutoka Tanga. Kwa hiyo si waya ule ule.

Hata hivyo hoja yako ya umeme ina ukweli, ila si kwa njia uliyoieleza. Chukua chaja ya kengele au ya taa janja, soma maandishi madogo yaliyo mgongoni: utaona imeandikwa inapokea volti 100 hadi 240. Maana yake umeme ukishuka mpaka 160, chaja hiyo haidhuriki. Inaendelea kutoa volti 5 zake kama kawaida. Kinachoiua ni ule mpigo wa ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika, pale volti zinapopanda kupita kiasi kwa muda mfupi sana, na kile kijisehemu cha kinga kilichomo ndani ya chaja, ikiwa mtengenezaji amekiweka, kinajitoa mhanga mara ya kwanza na mara ya pili hakipo tena. Friji ni habari nyengine, kwa sababu ina mota, na mota umeme mdogo unaichoma kweli.

Mwana wa Mkunazini
Shukran. Lakini kuhusu Muscat nadhani jawabu ipo: jamaa zangu wanaishi ndani ya kiyoyozi mchana na usiku, na kiyoyozi kinakausha hewa. Ufukwe ni ule ule, hewa ya ndani siyo.

Fundi Mlandege
Hapo umesema kweli. Vifaa vinavyotoka kwenye ofisi zenye viyoyozi nikivifungua bodi zake zinang'ara.

Mpemba wa Wete
Ahsanteni kwa kuikumbuka Pemba. Mimi nina kisa kinachowapinga nyote, wa chumvi na wa umeme. Nilikuwa na taa na swichi janja za kampuni moja ya nje, zimefungwa chumba cha ndani, kikavu, pamoja na stebilaiza. Hazikuungua wala hazikuota kutu. Siku moja programu yake kwenye simu ikakataa kufunguka, na tangu hapo swichi zile ni plastiki ukutani. Nilipofuatilia nikaambiwa kwamba seva iliyokuwa ikipokea amri zangu imefungwa. Fikirini jambo hili kwa makini: mimi nipo Wete, taa ipo Wete, hatua tatu kutoka nilipokaa, lakini amri ya kuiwasha inasafiri mpaka nchi nyengine na kurudi, na aliye huko akizima mashine yake mimi nabaki gizani.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2016 kituo cha Revolv, cha kuongozea vifaa vya nyumba janja, kilizimwa na wenyewe, na watu walikuwa wamekinunua kwa fedha nyingi. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya taa na swichi janja, zilizimwa bila ya taarifa, mpaka baadaye mwaka huo kundi la watumiaji wakainunua kampuni yenyewe ili wawashe tena taa zao. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, vile vifaa vya Google vya kurushia video kwenye televisheni, zilizotoka 2015, ziligoma duniani kote kwa sababu hati ya utambulisho iliyowekwa ndani yake ilifika mwisho wa muda wake, na Google ikalazimika kutuma marekebisho. Hapo hapana chumvi wala umeme.

Kijana wa Jang'ombe
Mpemba, hiyo ni balaa ya dunia nzima, wakati suali ni kwa nini vinakufa kwetu na kwengine vinaishi.

Mpemba wa Wete
Kwetu inauma zaidi, ndiyo maana nimeileta. Mwenye kifaa kilichofungiwa seva akiwa Ulaya huenda akapata fidia, au punguzo, au angalau barua pepe ya kuomba radhi. Sisi tumenunua kwa mtu wa tatu, hatumo kwenye orodha yao, hatujui hata tulie kwa nani. Na jambo jengine: bando likimalizika, kufuli inayotegemea seva inakukataa mlangoni kwako na mikoba ya sokoni mkononi.

Maalim wa Chake
Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu. Televisheni ya Zanzibar ilianza 1973 na ilikuwa ya rangi tangu siku ya mwanzo, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994 kupata vituo vyao. Nawaeleza kwa sababu seti za wakati ule ziliishi katika bahari hii hii na umeme mbovu kuliko huu, na zilidumu miaka na miaka. Nafikiri sababu ni ukubwa wa viungo na joto. Televisheni ya kioo kizito ilikuwa inapata moto ndani ikiwaka, na moto ule ulikausha unyevu kila usiku. Viungo vyake vilikuwa vikubwa na vimeachana, hata chumvi ikikaa baina yake haivifikii viwili kwa pamoja. Leo tazameni tundu la kuchajia simu, lile la USB-C: lina migusano 24, na kutoka mmoja hadi mwengine ni nusu ya milimita tu. Chembe moja ya chumvi iliyoloa inatosha kuunganisha mgusano wenye umeme na usio nao. Chaja ya zamani ya pini ya duara uliifuta kwa kitambaa ukaendelea na safari. Nionavyo mimi, tangu maonesho hayo yalipoanza Las Vegas 1967 watengenezaji wanashindania udogo, na udogo ndio adui wa mtu wa pwani.

Msomi wa Tunguu
Maalim, shikamoo. Mwaka ni huo huo, 1967, ila maonesho yalianzia New York. Las Vegas yaliingia 1978, yakawa yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Las Vegas wakati wa baridi na Chicago wakati wa joto, kabla ya kubaki mara moja tu kila Januari. Mwaka 2021 yalifanyika mtandaoni peke yake kwa sababu ya korona.

Hilo la Las Vegas lina maana kubwa katika mjadala huu, kwa sababu mji ule umo jangwani. Kifaa kinaoneshwa ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, katika mji ambao hewa yake ni kavu kupita kiasi, umeme ni nadra kukatika, intaneti ni ya kasi. Hapana hata sharti moja la maisha yetu linalopatikana pale. Na si kila kinachooneshwa kinakusudiwa kuuzwa. Televisheni ya LG inayojikunja ilioneshwa 2019, ikaanza kuuzwa Korea 2020 kwa won milioni 100, bei ya kununua nyumba kwetu, kisha ikaachwa. Roboti la Samsung lenye umbo la mpira, liitwalo Ballie, lilioneshwa 2020, likarudishwa tena jukwaani 2024. Hata ile televisheni ya kupenya macho aliyoitaja mwenye uzi iliingia sokoni kwa karibu dola 60,000. Vitu hivyo ni vya kutangaza uwezo wa kampuni. Vinavyotufikia sisi ni vijukuu vyake, vilivyotengenezwa na viwanda vyengine kabisa kwa kuiga sura.

Maalim wa Chake
Marhaba mwanangu, ahsante kwa New York. Jangwa linaiongezea nguvu hoja yangu.

Kijana wa Jang'ombe
Maalim, kwa heshima zote, hoja ya seti za zamani siikubali. Televisheni iliyodumu ndiyo unayoikumbuka, kwa sababu ilikaa sebuleni miaka mingi na watoto wa mtaa walijaa kuitazama. Zile zilizoungua mwaka wa kwanza nani anazikumbuka? Na zilikuwa chache, zikiharibika zilikuwa zinatengenezwa mara tano, mara kumi. Labda hazikuwa imara zaidi, labda zilikuwa zinafunguka tu.

Fundi Mlandege
Zilikuwa zinafunguka, hilo nalithibitisha. Leo kengele ya mlango imebandikwa kwa gundi mwili mzima, na kuifungua ni kuivunja. Betri imechomelewa, haina soketi. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vinavyobebeka ziwe zinatolewa na mtumiaji mwenyewe kwa urahisi. Natumaini viwanda havitatengeneza aina mbili, moja ya Ulaya na moja ya kwetu.

Bi Mkubwa wa Malindi
Mimi nauza vifaa hivi, na nimevumilia vya kutosha kusikia lawama zote zikienda baharini na kwenye seva. Mteja anaingia dukani, namwekea kengele mbili, moja bei yake ni mara tatu ya nyengine. Anauliza tofauti. Namwambia hii ina mpira wa kuziba pembeni, bodi yake imepakwa rangi ya kinga, na mtengenezaji ameandika jina lake. Anachukua ile ya bei ndogo. Baada ya miezi anarudi kunilalamikia chumvi.

Na kuna mizigo inayokuja kwetu haikukusudiwa kuja kwetu. Vitu vya Marekani ni vya volti 120, vilivyotumika vya Japani ni vya volti 100, mtu anavipachika kwenye 230 bila ya transfoma halafu analia. Kuna na vile vilivyoandikwa IP67 kwenye boksi bila ya kupimwa na yeyote. Hata kilichopimwa kwa haki, IP67 maana yake kimezamishwa mita moja kwa dakika 30 ndani ya maji matamu. Maji ya bahari hayamo katika ahadi hiyo, wala upepo wa bahari uliobeba chumvi mwaka mzima.

Zuwena wa Paje
Bi Mkubwa amesema jambo ambalo sisi wakulima wa mwani tunalijua kwa maumivu. Simu iliyoandikwa haiingii maji nilikwenda nayo shambani maji yakiwa yamekupwa, ikadondoka kwenye kidimbwi, nikaiokota hapo hapo. Iliendelea kufanya kazi mpaka jioni, asubuhi yake tundu la chaja likawa limeungua. Niliitia kwenye mchele kama tunavyoshauriwa na kila mtu, haikusaidia.

Fundi Mlandege
Pole dada. Mchele haunyonyi chumvi, na hata maji yenyewe hayanyonywi kwa namna watu wanavyodhani. Kifaa kikianguka baharini, kizime kwanza, usikichaji kabisa, kisha kikoshe kwa maji matamu ili chumvi itoke, halafu kipeleke kwa fundi akikoshe ndani kwa spiriti kali na mswaki laini. Watu wanaogopa kutia maji juu ya kifaa kilicholowa, na kumbe chumvi ikikaukia ndani ndipo kazi yake inapoanza.

Muhandisi wa Fumba
Niongeze sababu ambayo hakuna aliyeigusa, nayo ni joto. Ndani ya chaja na taa kuna kapasita, vile viungo vya kuhifadhi umeme, zenye majimaji, na kanuni ya kazi tunayoitumia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Taa iliyofungwa chini ya bati lisilo na dari inaishi katika joto ambalo mtengenezaji hakulipiga hesabu. Taa za mjomba wa Mwana wa Mkunazini zipo wapi? Chini ya bati au ndani ya nyumba ya mawe?

Mwana wa Mkunazini
Zipo ndani ya nyumba ya mawe, Mji Mkongwe. Kuta ni nene za matumbawe na chokaa, hapana joto kabisa.

Msomi wa Tunguu
Basi huenda taa hizo ni nzima. Karibu vifaa vyote vya bei nafuu vinatumia waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, na mawimbi hayo hayapendi ukuta mnene, sembuse ukuta wa matumbawe uliojaa unyevu. Ruta ikiwa chumba cha mbele na taa ipo chumba cha tatu, amri ya kubadili rangi haifiki, na taa inabaki na rangi iliyoikumbuka mwisho. Isogezeni ruta kwanza kabla ya kuilaani bahari.

Na Mpemba wa Wete, usizitupe swichi zako. Nyingi za miaka ya karibuni zina chipu ya ESP8266, iliyotolewa 2014 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, na chipu hiyo inakubali kufutwa programu ya kiwandani na kutiwa nyengine iliyo huru, kama Tasmota, ambayo inapokea amri ndani ya nyumba bila ya kwenda nje. Baadhi ya viwanda vimehamia chipu nyengine na kazi imekuwa ngumu zaidi, lakini haishindikani. Vipya ukinunua, tafuta vyenye alama ya Matter, kanuni iliyotoka Oktoba 2022, ambayo inaruhusu kifaa kuamriwa kupitia mtandao wa ndani hata kama intaneti imekatika.

Mpemba wa Wete
Ahsante sana. Nitazifungua mwisho wa wiki nione chipu gani. Lakini niseme kinachonikera katika maonesho yote haya. Tunaoneshwa friji inayokumbusha maziwa yamekwisha, wakati mimi ninachokitaka ni kipimo cha unyevu cha kuweka ghalani, kiniambie karafuu zimeanza kuvuta maji usiku kabla hazijaota ukungu. Kipimo hicho si teknolojia ngumu. Kipo. Ila kile cha bei nafuu, kikikaa katika hewa yetu, baada ya muda kinasoma uongo.

Zuwena wa Paje
Na sisi tunataka cha kupima joto la maji shambani. Cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inaugua na kufa maji yakipata moto, na wengi wetu tumebaki na spinosum kwa sababu inavumilia. Kama kungekuwa na kifaa kinachonitumia ujumbe kwamba maji yamepanda joto, ningejua lini kuzihamishia kamba kwenye maji ya kina. Nani atakitengeneza kikadumu hata msimu mmoja ndani ya bahari yenyewe?

Fundi Mlandege
Kinatengenezeka. Bodi inazamishwa yote ndani ya gundi ya resini mpaka isionekane, inabaki antena na ncha ya kupimia tu. Kasoro yake ni kwamba kikiharibika hakifunguki, na hapo Kijana wa Jang'ombe atatukumbusha maneno yake.

Kijana wa Jang'ombe
Nitawakumbusha! Na bado nasema umeme ndio muuaji mkubwa. Kifaa cha Zuwena kitatumia betri, na kikidumu mtaona nilikuwa na haki.

Muhandisi wa Fumba
Tukijaribu basi. Bi Mkubwa atoe kengele mbili za aina moja, kutoka boksi moja. Moja ifungwe Malindi mbele ya bahari, nyengine Dunga katikati ya kisiwa. Baada ya masika zote mbili azifungue Fundi, atuwekee picha za bodi hapa.

Bi Mkubwa wa Malindi
Nitazitoa, ila mkubaliane kwanza jambo moja. Zifungwe na kinga ya umeme au bila kinga?

Kijana wa Jang'ombe
Bila kinga, ndivyo wanavyofunga watu wote.

Fundi Mlandege
Na kinga, tena zote mbili. Bila ya hivyo umeme ukiziunguza tutajuaje chumvi ingefanya nini?

Mpemba wa Wete
Na ya tatu ije Wete, bila ya intaneti.